Aspirini na moyo: nani ameze, nani aache, na imezwe vipi

Anafika mtu kwenye kaunta, ana miaka hamsini na kitu, mzima kabisa, anasema: "Nipe zile ndogo za moyo." Nikimuuliza nani kamwandikia, jibu huwa moja kati ya mawili: "jirani yangu anazimeza" au "damu yangu nzito." Mimi ni mfamasia, na maneno hayo mawili nimeyasikia mara nyingi mno. Simlaumu. Kidonge chenyewe hakifiki ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho, kinauzwa kila mahali, na jina lake tumelijua tangu utotoni. Nani atakiogopa?

Kwanza tuiondoe hiyo hadithi ya damu nzito. Aspirini haiyeyushi damu wala haiifanyi nyepesi. Ndani ya damu kuna vipande vidogo sana viitwavyo chembe sahani. Mshipa ukipata jeraha, chembe hizi hukimbilia pale, hushikamana na kuziba. Ni kazi nzuri mpaka zinapoifanya mahali pasipotakiwa, yaani ndani ya mshipa wa moyo wenye utando wa mafuta uliopasuka. Hapo donge la damu huziba njia, na nyama ya moyo iliyo mbele yake huanza kufa. Aspirini huzima kimeng'enya kimoja ndani ya chembe sahani, na chembe iliyozimwa haiwaki tena mpaka ife, siku 7 hadi 10 baadaye. Mtu aliyefungua njia ya kulielewa jambo hili mwaka 1971 ni mwanasayansi Mwingereza John Vane, na mwaka 1982 alishiriki Tuzo ya Nobel.

Ugumu ni kwamba dawa hii haichagui mahali pa kufanyia kazi. Inapopunguza kuganda kwa damu moyoni, inapunguza pia tumboni kwenye kidonda, na kwenye ubongo wenye mshipa dhaifu. Kwa hiyo ukiniuliza kama aspirini ni nzuri kwa moyo, nitakuuliza nawe: kwako, kipi kiko karibu zaidi, donge la damu au uvujaji? Hatua zinazofuata ni za kulijibu hilo.

Hatua ya 1: Jua uko kundi gani

Yako makundi mawili, na ushauri wa kundi moja unaweza kumdhuru mtu wa kundi lingine.

Kundi la kwanza ni la waliokwisha kuguswa. Umewahi kupata mshtuko wa moyo, au kiharusi cha mshipa kuziba, au umewekewa stenti, kile kibomba kidogo cha wavu kinachoushika mshipa ubaki wazi, au umefanyiwa upasuaji wa kuchepusha mishipa ya moyo, au daktari amethibitisha kwamba mishipa yako ya moyo au ya miguu imeziba. Kama ni wewe, aspirini kwa kawaida ni sehemu ya matibabu yako ya muda mrefu. Ushahidi wake hapa ni imara na haujatetereka. Mara nyingine daktari huibadilisha na klopidogreli, dawa nyingine ya kuzuia chembe sahani zisishikamane, au huziweka zote mbili pamoja kwa miezi kadhaa baada ya stenti. Unaweza kuruka mpaka hatua ya 3, ila ukumbuke jambo moja: usiiache kwa sababu umesoma mahali kwamba "aspirini imepigwa marufuku." Haijapigwa marufuku. Kilichobadilika ni ushauri kwa kundi la pili. Mtu mwenye stenti mpya akiacha dawa hii kwa uamuzi wake mwenyewe, stenti inaweza kuziba, na hapo si jambo la kusubiri kesho.

Kundi la pili ni la ambao hawajawahi kuguswa. Huenda una presha, una kisukari, baba yako alifariki kwa moyo, lakini wewe moyo wako bado haujakusumbua. Endelea na hatua ya 2, kwa sababu yule wa "zile ndogo za moyo" karibu kila mara yuko hapa.

Hatua ya 2: Kama hujawahi kuugua, pima faida yako kwa namba

Kwa miaka mingi kundi hili liliambiwa limeze tu. Sababu ilikuwepo. Mwaka 1989 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa madaktari wanaume 22,071 nchini Marekani, na waliomeza aspirini siku moja na kuruka moja walipata mshtuko wa moyo wa kwanza kwa asilimia 44 pungufu. Namba hiyo ilisafiri dunia nzima. Haikusafiri na mwenzake: kifo kutokana na magonjwa ya moyo na mishipa hakikupungua kwa namna ya kuonekana.

Halafu ukaja mwaka 2018, tafiti tatu kubwa kwa mpigo. Nitaanza na moja, ya Uingereza, kwa kuwa inatoa picha safi. Watu 15,480 wenye kisukari lakini wasio na ugonjwa wa moyo unaojulikana walifuatiliwa kwa wastani wa miaka zaidi ya 7, nusu wakimeza aspirini ya miligramu 100 kila siku, nusu wakimeza kidonge kisicho na dawa. Waliopatwa na tukio kubwa la moyo au mishipa walikuwa asilimia 8.5 kwa wenye aspirini na 9.6 kwa wasio nayo. Waliovuja damu vibaya walikuwa asilimia 4.1 kwa 3.2.

Tuziweke kwa watu. Chukua watu 1,000 kama hao, wape aspirini kwa miaka hiyo yote. Takriban 11 wataepuka tukio la moyo au mishipa. Takriban 9 watavuja damu vibaya ambao wasingevuja. Waliobaki, wengi mno, wamemeza vidonge zaidi ya 2,500 kila mmoja na hakuna kilichobadilika. Na hao walikuwa watu wenye kisukari, ambao hatari yao ya moyo iko juu. Mtu asiye na kisukari, asiyevuta sigara na mwenye presha nzuri, mizani yake inaelemea upande wa hasara. Utafiti mwingine wa mwaka huo uliwafuata wazee 19,114 wa Australia na Marekani, wengi wao wa miaka 70 na zaidi. Moyo haukupata nafuu ya maana, uvujaji ukaongezeka.

Ndiyo maana mwaka 2022 jopo la kitaifa la kinga na tiba nchini Marekani liliandika hivi, kwa ufupi:

- Miaka 60 na zaidi, hujawahi kuugua moyo: usianze aspirini kwa ajili ya kinga.
- Miaka 40 hadi 59, na hatari yako ya ugonjwa wa moyo na mishipa kwa miaka 10 ijayo ni asilimia 10 au zaidi: kaa na daktari muamue pamoja, na faida yenyewe ni ndogo.

Hiyo asilimia haipatikani kwa kujitazama kwenye kioo. Mpelekee daktari au muuguzi vipimo hivi: presha, lehemu yote na ile nzuri, sukari, umri, na kama unavuta sigara. Ataviingiza kwenye kikokotoo na namba itatoka. Dakika tano. Ukiambiwa uanze dawa bila hata kupimwa presha, una haki ya kuuliza kwa nini.

Na kama una miaka 65 na umekuwa ukimeza tangu ukiwa na 50? Usiitupe leo kwenye pipa. Nenda na swali hili: "Nilianzishiwa kwa sababu gani, na sababu hiyo bado ipo?" Mara nyingine ndani ya faili kuna kitu ulichosahau, pengine kiharusi kidogo cha miaka kumi iliyopita, nawe kumbe uko kundi la kwanza.

Kabla sijaondoka hapa, nasema jambo ambalo wateja wangu hawalipendi. Anayetaka kinga ya moyo na bado anavuta sigara, aspirini haitamfidia. Dawa ya presha imezwayo kila siku, na statini, yaani dawa ya kupunguza lehemu, kwa anayestahili, hufanya kazi kubwa kuliko kile kidonge kidogo. Nawaona watu wanaoruka dawa ya presha kwa wiki nzima lakini aspirini hawaikosi hata siku moja. Wameshika kisicho.

Hatua ya 3: Pima hatari yako ya kuvuja damu

Hii ni ya makundi yote mawili. Jiulize, tena ujibu kwa sauti: niliwahi kuwa na vidonda vya tumbo? Niliwahi kutapika damu au kupata choo cheusi? Figo au ini vina shida? Presha yangu imedhibitiwa, au bado inapanda nikisahau dawa? Ninakunywa pombe kila siku? Nina tatizo la damu kutoganda, au chembe sahani chache?

"Ndiyo" moja tu kwa mtu wa kundi la pili mara nyingi inatosha kuifunga mada. Kwa mtu wa kundi la kwanza haifungi, ila daktari anapaswa kujua ili akulinde: atakupima bakteria wa vidonda vya tumbo, au atakuongezea dawa ya kupunguza asidi kama omeprazoli. Kama unameza na klopidogreli, mwambie, kwa sababu omeprazoli hupunguza nguvu ya klopidogreli na huenda akachagua nyingine ya jamii hiyo, kama pantoprazoli.

Umri wenyewe ni hatari pia. Tumbo la miaka 75 si tumbo la miaka 45, hata kama mwenye nalo anakula vizuri na hana malalamiko.

Kuna wenye pumu ambao aspirini huwabana kifua ndani ya muda mfupi, hasa waliowahi kuota vinyama puani. Kama iliwahi kukubana au kukuvimbisha uso, usiijaribu tena, hata nusu kidonge.

Hatua ya 4: Mwaga dawa zote mezani

Huwa nawaambia watu waje na mfuko mzima. Si orodha, mfuko. Orodha husahau.

Mama mmoja alinimwagia wake juu ya kaunta. Aspirini ya moyo, aliyoandikiwa. Diklofenaki ya magoti, aliyojinunulia. Unga wa mafua wa kuchanganya na maji, ambao nyuma ya pakiti, kwa herufi ndogo, una aspirini ya miligramu 500. Na vidonge vya kichwa alivyopewa na shemeji yake, navyo vina aspirini. Alikuwa anaamini anameza miligramu 75 kwa siku. Siku za mafua alikuwa anapita miligramu 1,000, na diklofenaki juu yake. Hakuwa mzembe hata kidogo; dawa zilikuwa na majina manne tofauti.

Soma sehemu ya viambato. Ukiona neno aspirini, au asidi asetilisalisiliki, au herufi ASA, ni kitu kilekile.

Ya kuangalia zaidi ni haya. Ibuprofeni, diklofenaki na naproksini huongeza vidonda na uvujaji zikichanganywa na aspirini. Ibuprofeni ina kosa la ziada: inakaa kwenye kiti cha aspirini ndani ya chembe sahani, aspirini ikifika inakuta pamejaa, na kinga ya moyo inapungua. Kama huna budi kuimeza siku moja moja, meza aspirini ya kawaida kwanza, subiri angalau dakika 30, kisha ibuprofeni. Kama ibuprofeni imetangulia, acha zaidi ya saa 8 zipite kabla ya aspirini. Hesabu hiyo haifai kwa aspirini yenye ganda, kwa kuwa huyeyuka kwa wakati wake. Kwa maumivu ya kawaida ni heri parasetamoli.

Warfarini na dawa nyingine za kuzuia damu kuganda hazichanganywi na aspirini bila daktari kusema wazi kwamba anajua unameza zote mbili. Dawa za sonona za jamii ya fluoksetini, na steroidi kama prednisoloni, nazo huongeza uvujaji. Vidonge vya ginko na vya kitunguu saumu vitaje pia, hata kama vimeandikwa "asilia."

Hatua ya 5: Dozi na namna ya kumeza

Ya moyo ni kati ya miligramu 75 na 100, mara moja kwa siku. Nchi nyingine huuza ya 75, nyingine ya 81, nyingine ya 100. Tofauti hizo zisikusumbue. Kuongeza hakusaidii. Mwaka 2021 ulitolewa utafiti wa wagonjwa wa moyo 15,076 uliolinganisha miligramu 81 na 325 kwa siku, na haukuona tofauti ya maana katika kuzuia mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo. Usikate kidonge cha kichwa cha 500 ukikadiria kwa macho.

Meza na maji ya kutosha, na ukipenda baada ya kula. Asubuhi au jioni, chagua saa utakayoikumbuka. Ukisahau, meza ukikumbuka. Kama ya kesho imekaribia, iache. Usimeze mbili. Chembe sahani zilizozimwa jana bado zimezimwa, kwa hiyo siku moja haibomoi nyumba.

Vile vyenye ganda laini ili visiyeyukie tumboni vinauzwa kama rafiki wa tumbo. Huenda vikapunguza kiungulia, lakini hatari ya kuvuja damu haiondoki, maana sehemu kubwa ya madhara hupitia kwenye damu yenyewe. Usivivunje wala kuvitafuna siku za kawaida.

Hatua ya 6: Ishara za kukufanya uondoke nyumbani

Choo cheusi kinachonata kama lami, chenye harufu kali. Matapishi yenye damu au yanayofanana na unga wa kahawa. Kichwa kuuma ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa maishani. Kuvimba uso au kifua kufunga. Hizi ni za hospitali sasa hivi, na pakiti ya dawa uibebe.

Michubuko midogo na fizi kutoka damu ukipiga mswaki ni kawaida zaidi, lakini yataje kwenye kliniki inayofuata. Kuchoka bila sababu na kupauka viganja pia kutajwe: tumbo linaweza kuvuja kidogo kidogo kwa miezi bila maumivu yoyote, na kipimo cha wingi wa damu ndicho kitakachosema.

Hatua ya 7: Kabla ya kisu na jino

Mwambie kila anayekutibu kwamba unameza aspirini, daktari wa meno akiwemo. Kwa kung'oa jino moja kwa kawaida huambiwi uache. Utang'ata pamba muda mrefu kidogo. Kwa upasuaji mkubwa, daktari mpasuaji na wa moyo wataamua, na wakitaka usimamishe mara nyingi itakuwa siku kama 7 kabla, muda wa mwili kutengeneza chembe mpya. Mwenye stenti asikubali kusimamisha kwa neno la mtu mmoja wa mapokezi. Na ukisimamishiwa, uliza tarehe ya kurudia. Watu hupewa tarehe ya kuacha tu, wakakaa mwaka mzima.

Mjamzito asianze wala asiache mwenyewe. Wapo wajawazito wanaopewa aspirini kidogo kuanzia wiki ya 12 hivi ili kukinga kifafa cha mimba, lakini hilo ni somo lake peke yake.

Hatua ya 8: Siku kifua kinapobana

Hapa hata mtu asiyestahili aspirini ya kila siku anaweza kuihitaji. Kifua kinabana kama umewekewa gunia, maumivu yanakwenda mkononi au kwenye taya, jasho la baridi, pumzi fupi. Kwa wanawake na wenye kisukari inaweza kuwa ni kichefuchefu na uchovu wa ajabu tu, bila maumivu makali.

Kwanza ita gari la wagonjwa au usafiri wa haraka. Kisha, kama huna mzio nayo, huvuji damu na hujakatazwa na daktari, tafuna miligramu 300 za aspirini. Nne za 75 zinatosha. Tafuna mpaka iwe unga, hata kama ni chungu na ina ganda. Iliyotafunwa inaingia kwenye damu mapema zaidi. Mwaka 1988 utafiti wa wagonjwa 17,187 waliokuwa na dalili za mshtuko wa moyo ulionyesha kwamba kuanza aspirini saa hizo za mwanzo na kuendelea kwa mwezi kulipunguza vifo vya moyo na mishipa kwa asilimia 23. Waambie wahudumu saa uliyotafuna.

Kama kinachoonekana ni uso kulegea upande mmoja, mkono kukataa kunyanyuka, au maneno kuvurugika, usimpe aspirini kabisa. Kiharusi kinaweza kuwa cha mshipa kuziba au cha mshipa kupasuka, na kwa nje vinafanana. Picha ya ubongo hospitalini ndiyo inayovitofautisha. Ukimpa aliyepasuka mshipa, umeongezea damu njia. Isitoshe, huenda hawezi kumeza, na kidonge kikampalia.

Mahali pa kuiweka

Iwe pakavu, penye kivuli, mbali na bafu, na juu kuliko mikono ya watoto. Mtoto au kijana chini ya miaka 16 mwenye homa asipewe aspirini ya babu. Mafua au tetekuwanga pamoja na aspirini vinaweza kuleta ugonjwa adimu unaoharibu ini na ubongo.

Vidonge vya kopo vilivyokaa muda mrefu vinuse kabla ya kumeza. Unyevu ukiingia, aspirini huvunjika taratibu na moja ya vitu vinavyotoka ni asidi ileile iliyomo kwenye siki. Ukifungua kopo na harufu ya siki ikakupiga, vidonge hivyo vimekwisha hata kama tarehe bado. Virudishe duka la dawa, uchukue vingine.